Dakika Moja Bila Samahani

Nilipata C ya Kiingereza katika mtihani wa kidato cha nne, na mpaka natimiza miaka ishirini na sita nilikuwa sijawahi kusema sentensi tatu za Kiingereza mfululizo mbele ya mtu. Kuandika naandika. Nipe karatasi na dakika arobaini, nitakuandikia insha ya sokoni mpaka usikie harufu ya papa mkavu. Lakini niambie nifungue kinywa, hakitoki kitu.

Sababu naijua. Shule ya msingi nilisoma Kakuyuni, na pale palikuwa na diski. Diski ni kipande cha ubao kilichotobolewa tundu kikatiwa kamba. Ukisikika unasema Kigiriama au Kiswahili, unavishwa shingoni, kisha unakaa kumvizia mwenzako ateleze ili umvishe yeye. Jioni aliyebaki nayo anachapwa. Wako watoto waliojifunza Kiingereza kwa njia hiyo. Mimi nilijifunza kunyamaza. Darasa la tano na la sita sikuivaa hata siku moja, na walimu wakanisifu kuwa nina adabu.

Kwa hiyo binti yangu alipofika miaka saba, akarudi nyumbani siku moja na alama ya kamba shingoni, sikuhitaji kuelezwa.

Tulikuwa tumempeleka shule ya kulipa, ndogo, iko mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu hapa Malindi. Langoni kuna kibao kinachosema ukishaingia ni Kiingereza tu, na kibao hicho hakibagui: mtoto, mzazi, mleta kuni, wote. Nilikipita kibao kile mwaka mzima nikikiona ni kitu kizuri. Nakiri. Nilidhani ndicho tulichokuwa tunakilipia.

Nyumbani binti yangu ni msemaji kuliko redio. Mimi hukaanga mahamri alfajiri na kuyauza barazani pamoja na mbaazi za nazi, na yeye ndiye anayewafungia wateja kabla hajavaa sare. Huyu manne, yule sita, wa tuktuk kumi, halafu ananiambia kwenye beseni yamebaki mangapi bila kuchungulia. Mtoto huyohuyo, muhula wa pili mwalimu wa darasa akaniambia hasemi kitu, akiulizwa anatazama meza, ni mzito, na wanafikiria arudie gredi ya kwanza.

Nikaandika barua kwa mwalimu mkuu. Kwa Kiingereza, anwani juu kulia, kama tulivyofunzwa. Nilitaka kusema mambo mawili tu: mtoto wangu si mzito, na msimrudishe. Lakini niliianza kama mtu yeyote wa huku angeianza. Nikasema samahani kwa kukusumbua katika kazi zako nyingi. Nikasema niwie radhi, na umwie radhi binti yangu kwa usumbufu anaowapa. Nikasema najua ninyi ndio wajuzi na mimi ni mama tu. Kisha ndipo nikaomba wamfikirie apande darasa. Mwisho nikaomba msamaha tena kwa urefu wa barua. Niliisoma mara tatu nikaona imetulia, barua ya mtu aliyelelewa.

Wiki ya mwisho ya muhula tukaitwa mkutano, wazazi wa gredi ya kwanza peke yetu, watu kama kumi na watano. Mwalimu mkuu akafika kwa watoto watatu wanaotakiwa kurudia. Kwa wangu akainua barua yangu.

Akasema kwa Kiingereza, "Mama huyu ametuandikia mwenyewe. Anaomba radhi kwa usumbufu wa mtoto, na anakubali kwamba sisi ndio tunaojua. Nawashukuru wazazi wa namna hii."

Na akapiga mstari chini ya jina la binti yangu kwenye orodha ya wanaorudia.

Nikasimama. Nilikuwa na maneno yote kichwani, nayaona kama yameandikwa ubaoni. Kilichotoka ni, "Sori, mwalimu. Sori, mimi, sori."

Akacheka kwa upole. "Kaa mama, usijali, tumekusamehe."

Wazazi wakacheka. Si kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikakaa. Nilitoka pale, nikamshika mtoto mkono tukaenda nyumbani, na njia nzima hatukusema kitu, yeye kwa sababu yake na mimi kwa yangu.

Uamuzi wa mwisho ungetolewa mwisho wa muhula wa tatu. Nilikuwa na kama miezi mitatu.

Mume wangu huendesha tuktuk na kuzungusha wageni, na wageni wetu wengi ni Waitaliano, kwa hiyo Kiitaliano anakijua vizuri, cha kubishana na cha kubembeleza. Nilipomwambia nataka kujifunza kuzungumza Kiingereza alikuwa anakunywa chai.

"Kiingereza cha nini? Mzungu wa Malindi ni Mwitaliano. Njoo nikufunze mimi, bure."

"Mwalimu mkuu ni Mwitaliano?"

"Yule? Yule ni mtu wa Kilifi. Mwambie kwa Kiswahili."

"Ofisini kwake Kiswahili hakiingii. Wewe hukukiona kile kibao?"

"Mimi sijawahi kupita lile lango," akasema, na ni kweli. Nikamwachia chai yake.

Nilitafuta kwenye simu mpaka nikapata kikundi. Ni cha watu wanaojifunza kuzungumza, wako nchi mbalimbali, na hakina mwalimu. Kila asubuhi linawekwa swali moja. Unajibu kwa sauti, dakika moja, na hairuhusiwi kurekodi mara mbili, uliyoyasema umeyasema. Kisha mtu mmoja au wawili wanakusikiliza na kukusahihisha, lakini kitu kimoja tu. Hata ukiwa umeharibu mara ishirini, anachagua kimoja anakwambia hicho. Sheria hiyo niliipenda kabla ya yote. Ningeambiwa makosa yangu yote kwa mpigo ningerudi kunyamaza.

Waliozoea kunisikiliza walikuwa wawili. Mmoja mama wa Uturuki, nesi aliyestaafu, ambaye saa za kwao ni sawa na zetu, kwa hiyo nikikanda unga yeye anachemsha chai. Mwingine dereva wa lori wa Brazili, ambaye kwake bado hakujapambazuka, anajibu kutoka kituo cha mafuta huku injini zikinguruma nyuma yake.

Swali la kwanza nililolijibu lilikuwa: mezani kwako asubuhi kuna nini? Jepesi. Nikaegemeza simu kwenye kopo la iliki, mikono ikiwa kwenye unga, nikaanza. Habari zenu, mmeamkaje, samahani nawasumbua, mimi ni mgeni, mnisamehe Kiingereza changu si kizuri, mnivumilie, sori kwa kelele nyuma, nakanda. Dakika ikaisha. Mezani hatukufika.

Dereva alijibu kwanza. "Unampiga nani?"

Nikamwambia ni unga. Hakuamini mpaka nikapiga picha beseni.

Mama wa Uturuki akaniletea sahihisho lake moja. Sauti yake ni nzito, haina haraka. "Umetuomba msamaha mara nne. Umetufanya nini?"

Nilikasirika. Mimi hukasirika upesi, anayenijua atakuambia hilo hata bila kuulizwa. Nikamjibu palepale, na ajabu ni kwamba kwa hasira Kiingereza kilitoka. Nikamwambia kwetu Pwani mtu haingii nyumba ya mtu kama ng'ombe. Anayekuja kuazima kikombe cha chumvi anaamkia, anauliza hali ya watoto, anasema samahani nakusumbua, ndipo anataja chumvi. Huko si kukiri kosa, huko ni kupiga hodi. Nyinyi kwenu mnaingiaje? Mnavunja mlango?

Akacheka sana, nikamsikia akiweka kikombe chini. Akasema kwao pia maneno ya heshima ni mengi, pengine kuliko ya kwetu. "Lakini nimekaa hospitalini miaka thelathini na kalamu mkononi," akasema. "Mtu akiingia akaniambia nisamehe, nimechelewa kumleta mtoto, mimi naandika: mama alichelewa kumleta mtoto. Siandiki kwamba ana adabu. Karatasi ya hospitali haina mahali pa adabu."

Nilisimama na ule unga vidoleni. Nilikuwa nimeielewa barua yangu.

Nikawaeleza habari yote: mtoto, diski, barua, mkutano, orodha. Ilinichukua siku tatu, dakika moja moja, na siku hizo hawakunisahihisha chochote. Dereva alisema tu, kwao nako shule humrudisha mtoto kama mzigo uliokosa anwani, na yeye alirudishwa mara mbili, na hajui mpaka leo alikosea nini. Kisha akatoa wazo: kila siku nijibu swali dakika nzima bila samahani hata moja. Yeye atahesabu.

Mtu asiye wa huku ataona ni kazi ndogo. Siku ya kwanza nilitoa tano. Siku ya pili sita, kwa sababu kila nikiteleza niliomba radhi kwa kuteleza. Kinywa changu kilikuwa na mazoea yake. Ndani nimejaa moto, nataka kumng'oa mtu jicho, na ulimi unasema niwie radhi. Nilianza kujisikiliza hata kwa Kiswahili. Nilimwomba radhi mwenye duka kwa kununua unga. Nilimwomba radhi mbuzi aliyenikanyaga.

Mume wangu naye akaanza kusikiliza. Asubuhi moja dereva alikuwa akihesabu, "moja... mbili," na mume wangu yuko mlangoni na funguo.

"Huyu mwanamume anakuhesabia nini?"

"Samahani zangu."

Akafikiri. "Mimi zangu huwa sizisikii."

"Kwa sababu wewe sina nilichokukosea."

Akaondoka anacheka, lakini jioni aliniuliza nimefikisha ngapi. Kutoka siku hiyo akawa anauliza kila siku, kama anayefuatilia mpira. Mwezi wa pili wa mazoezi nilipofika sifuri alimwambia jirani.

Kisha mama wa Uturuki akajifanya mwalimu mkuu. Hakunionea huruma. Ananikatiza, ananiambia sina muda, ananiambia mbona uliandika mwenyewe. Mimi najibu, naye ananisahihisha kitu kimoja. Mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa hichohicho: usijaze kimya. Ukimaliza kusema, funga kinywa, muache yeye atafute la kusema. Kimya nilikuwa nacho cha kutosha tangu Kakuyuni, ila sikujua kinaweza kuwa cha kwangu.

Binti yangu wakati wote huo alikuwa pale anafunga mahamri. Sikumfundisha kitu. Shule iliendelea vilevile na alama ya kamba ilirudi mara mbili.

Wiki ya mwisho ya muhula wa tatu nikaenda. Nilimvalisha mtoto sare, nikamwacha kwenye benchi nje ya ofisi. Karani alikuwa dirishani na mashine yake ya kuchapa. Nikaingia. Yaliyosemwa humo yalisemwa kwa Kiingereza, naandika hapa maana yake.

"Habari ya asubuhi, mwalimu."

"Njema, mama." Akasubiri. Nilimwona kabisa akisubiri kile kinachofuata, radhi na usumbufu na kazi zako nyingi. Sikusema. Akanyanyua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Nimekuja kwa sababu ya barua yangu," nikasema. "Uliwaambia wazazi kuwa nimekubali mtoto arudie. Sikukubali. Naomba uitoe, unionyeshe mahali nilipokubali."

Faili lilikuwa nyuma yake. Alilitoa bila haraka, akaisoma barua, akaweka kidole. "Hapa. Unaomba radhi kwa usumbufu wa mtoto. Unasema sisi ndio wajuzi."

"Mwalimu, wewe ni mtu wa Kilifi."

"Ndiyo."

"Mtu akija kwako kuazima ngazi, mlangoni anasemaje?"

Akakiondoa kidole kwenye barua.

"Anasema samahani nakusumbua. Wewe humwuliza ameiba nini?"

Karani alikohoa, na kikohozi hicho hakikutoka kifuani.

Mwalimu mkuu akaivua miwani. Akabadilisha lugha. "Basi mama, hebu keti," akasema kwa Kiswahili, kile cha kwetu, cha taratibu. "Tuzungumze kama watu wa nyumbani, tutaelewana tu."

Hapo ndipo nilipokaribia kuharibu, maana nilitaka kucheka na kulia pamoja. Miezi mitatu. Mtoto amevishwa ubao shingoni kwa maneno haya haya anayoniwekea mbele sasa kama sahani ya halua.

"La, mwalimu," nikasema kwa Kiingereza. "Kibao kiko langoni. Tuendelee."

Tukaendelea. Sikusema vizuri. Nilimwita binti yangu "he", kama mwanamume, mara mbili, na neno moja nilikwama nalo mpaka nikalizunguka. Lakini nilisema. Nilisema mtoto hasemi kwa sababu amefundishwa kuwa akikosea lugha atavishwa ubao, na mtoto mwenye akili hapo hunyamaza. Nilijua kwa sababu nilikuwa yeye. Nilisema kama wanataka kujua anajua hesabu, wampe karatasi, karatasi haina lugha. Kisha nikafunga kinywa.

Alitazama saa. Alitazama dirisha. Mimi nilitazama kalenda ya ukutani.

Mwisho akamwita mwalimu wa darasa, na mwalimu akamwingiza mtoto na karatasi ya hesabu kumi na mbili. Mtoto hakunitazama. Aliinama akaandika, ulimi umetokeza pembeni, kama anavyofunga mahamri. Alipata kumi na moja. Mwalimu wa darasa aliihesabu mara mbili, akasema kwa sauti ndogo kwamba hajawahi kumpa karatasi peke yake, humwuliza pamoja na wenzake.

"Hii ni siku moja tu," mwalimu mkuu akasema.

"Barua ile nayo ilikuwa siku moja."

Sikuwa nimeifanyia mazoezi hiyo. Ilitoka yenyewe.

Nikamwomba ile barua nirudishiwe. Akasema ikishaingia faili ni mali ya shule. Basi nikaomba karatasi, nikaketi mezani kwake nikaandika nyingine: ile ya kwanza naiondoa, mtoto wangu apande gredi ya pili, naomba jibu kwa maandishi. Sentensi tatu, barua fupi kuliko zote nilizowahi kuandika, na niliionea aibu kidogo ilivyokuwa uchi. Akaisoma. Akaandika chini kwamba amekubali, kwa kumwangalia muhula mmoja, akatia saini, na karani akapiga muhuri kwa nguvu isiyohitajika.

Kuhusu diski alisema ni utaratibu wa shule. Nikamwambia hilo nitarudi. Na nitarudi, nimeshawasemesha wazazi wanne, wawili wamekubali kuja.

Jirani mmoja aliposikia alinijia na barua ya shule kuhusu mwanawe, akitaka nimwendee mimi, kwa kuwa najua. Nilimkatalia. Nilimwambia aende mwenyewe, kwa lugha aliyo nayo, na asiombe radhi. Alikasirika. Mimi bado nimekasirika pia, na ningependa hilo lieleweke. Watu wananipongeza kwa Kiingereza. Mimi sioni cha kupongezwa. Mtoto ni wangu, mji ni wetu, yule mtu anajua maneno yangu yote tangu ananyonya, na ilibidi nipitie Uturuki na Brazili ndipo anisikie.

Kwenye kikundi niliwasimulia kwa dakika saba, siku saba mbalimbali. Dereva alipiga honi ya lori. Mama wa Uturuki akaleta sahihisho lake moja: binti yako ni mwanamke.

Mwezi wa kwanza binti yangu akaingia gredi ya pili. Siku ya kwanza nilimsubiri langoni.

"Leo umesema darasani?"

"Niliomba kwenda chooni."

"Kwa Kiingereza?"

"Kwa kidole."

"Mwalimu akakuruhusu?"

"Eeh."

Tulitembea mpaka kona ya msikiti. Akaanza kunieleza nani amekaa karibu na nani, nani amekuja na kiatu kipya, na nani amelia. Alisema bila kupumua mpaka nyumbani. Sikumkatiza.